Miezi Kumi na Minane ya Mvua Niliyoinyesha kwa Kalamu

Vijana wangu wa Kasongo, wiki iliyopita mlikuja nyumbani kwangu watatu, mashati yamepigwa pasi, na kwenye kompyuta yenu mna nakala za vitabu vya mvua vya Kasongo na Kabambare. Mlisema mnatayarisha grafiki ya ateliye, yaani warsha, ya hali ya hewa, kila mwezi na nguzo yake, kila mwaka na rangi yake. Mlinisifu. Mlisema posti nyingine za kupimia mvua zina vitabu vilivyotoboka kama chandarua cha zamani, lakini vyetu ni kamili, hata ile miaka ya vita haina siku moja iliyoachwa wazi. Mmoja wenu akauliza tuliwezaje. Nikajibu kwamba ni nidhamu. Mkanywa chai, mkaondoka na furaha, na mimi siku hiyo sikumaliza sahani yangu ya sombe.

Nawaandikia kabla hamjaitundika hiyo grafiki ukutani. Katika kurasa zile kamili mlizozipenda, miezi kumi na minane si mvua ya Mungu. Ni mvua yangu. Niliinyesha mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, kwa kalamu ya bluu, Jumapili mbili. Ni vizuri mjue namna ilivyokuwa, ili mwamue mtafanya nini nayo, kwa kuwa uamuzi sasa ni wenu na mimi nimestaafu.

Kwanza mjue mvua inavyoingia kitabuni, kwa sababu naona simu zenu zimewazoesha kudhani inaingia peke yake. Kipima-mvua ni chombo kisicho na majivuno. Faneli juu, chupa chini, na gilasi yenye mistari ya milimita. Unakisimamisha uwanjani, mbali na miti na mapaa, unakizungushia ua ili mbuzi wasijikune hapo. Kila siku saa moja asubuhi unamimina maji ya chupa kwenye gilasi, unainama mpaka jicho lilingane na maji, unasoma pale katikati maji yanapobonyea, si pembeni yanapopanda ukuta. Ukisoma umesimama, umeongeza mvua. Wapimaji wengi wenye maumivu ya kiuno wameleta mafuriko kwa namna hiyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Sumaili, mtu wa familia za zamani za mjini, ambaye Ijumaa alivaa kanzu na siku nyingine suruali ya kaki iliyonyooka kuliko barabara zetu zote. Alikuwa ameshika posti ile kabla yangu, na hata baada ya kustaafu alikuja kila asubuhi kuangalia kama nimeinama vya kutosha. Alikuwa na sheria moja tu aliyoirudia mpaka nikaichoka. Ukiangalia ukakuta hakuna maji, andika sifuri. Usipoangalia, hata kama ulikuwa na sababu nzuri, hata kama mke wako alikuwa anajifungua, weka kistari.

"Sifuri ni kusema niliangalia, hapakuwa kitu," aliniambia. "Kistari ni kusema sikuangalia. Ukivichanganya hivi viwili, weye si mpimaji tena, weye ni mutu ya kupamba vitabu."

Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Nilikuwa kijana kama nyinyi, na kijana hupenda kitabu kilichojaa.

Mwaka wangu wa kwanza, katikati ya kiangazi, nilivumbua jambo kubwa. Kila asubuhi nilikuta maji kwenye chupa, kidogo, karibu kipimo kilekile, mbingu ikiwa safi na vumbi limejaa njiani. Niliandika kwa fahari. Mwisho wa mwezi nikampelekea Mzee Sumaili habari kwamba kiangazi cha Kasongo kinabadilika. Akasoma ukurasa polepole.

"Inanyesha kila siku?"

"Kila siku, Mzee."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa inazidi kidogo."

Akanirudishia ukurasa. Kesho yake, alfajiri, akanisimamisha nyuma ya ua. Akaja mlinzi wa depo ya jirani, mtu mcha Mungu, na birika lake. Akatawadha kwa utulivu, na kwa kuwa hakupenda kuweka tope njiani ambapo watu wanapita kwenda msikitini, akamimina maji yaliyobaki kwenye faneli yangu. Alidhani serikali imeweka pale mfereji wa maji machafu, na alishangaa ni kitu cha kwanza ambacho serikali imemwekea karibu.

"Hii mvua inaswali, mwanangu," Mzee Sumaili akaninong'oneza. "Inaswali kukupita."

Alinifanya nifute mwezi mzima kwa wino mwekundu, siku moja moja, nitie sahihi na kuandika sababu pembeni. Nikaandika: maji ya udhu. Biro ya juu, yaani ofisi ya wakubwa wetu, ikaleta barua kuuliza hiyo ni aina gani ya mvua, na kama inapatikana pia Kabambare.

Hiyo biro ya juu sitaitaja ni ipi wala iko wapi. Inatosha mjue kwamba fishi zetu za kila mwezi, zile karatasi za kujazia vipimo, zilikwenda huko, kwa lori lililopatikana au kwa mtu anayesafiri, na kwamba pale juu walikuwa na woga mmoja tu, woga wa nafasi iliyo wazi. Mwaka mmoja niliugua malaria siku sita. Nikaweka vistari sita, kama nilivyofundishwa. Fishi ikarudishwa na maneno mekundu kwamba haikukamilika. Mwezi mwingine mwenzangu wa Kabambare, ambaye fishi zake zilipitia kwangu, alikwenda arusini Lusangi akakaa siku kumi, akarudi na fishi iliyojaa kila siku, hata zile alizocheza ngoma. Hiyo ikapokelewa na pongezi. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofundishwa, wanangu. Hawachapwi. Wanarudishiwa karatasi.

Kisha vita vikafika. Sitawaeleza vita, wazee wenu wamewaeleza na wengine wamewazidishia. Watu wa Kasongo walitawanyika, kila mmoja alikokuwa na ndugu. Mimi nilikwenda upande wa Kabambare, kwetu, tukaingia porini karibu na kijito cha Kabilu, kile kinachokata barabara ya Lusangi na Kabambare. Nilibeba kitabu cha mvua kimefungwa kwenye plastiki, na niliacha kipima-mvua. Yaani nilibeba daftari nikaacha chombo, na kwa muda mrefu nilijiona shujaa wa sayansi.

Porini tulikuwa familia nyingi, tukipika moto mmoja. Jirani yangu alikuwa Mama Asha, mfanyabiashara wa mpunga wa kijiji cha Kabilu, mwanamke ambaye hata akikimbia alikimbia na mizani yake. Alikuwa na sufuria moja, ndefu, pande zake zimenyooka, na sote tulikula humo kwa zamu.

Siku moja, mchana, ikanyesha mvua ambayo katika miaka yangu yote ya kazi sikuona nyingine kama hiyo. Mama Asha aliiweka sufuria nje, kwenye uwanja tuliokaushia mihogo, ili ikinge maji ya kunywa. Nilikaa chini ya turubai nikiitazama kwa jicho la kazi. Ilijaa mpaka mdomoni, kisha ikamwagika, na mvua bado ilikuwa haijafika nusu. Jioni tukashuka kuangalia kijito. Hakikuwa kijito. Kilikuwa kimebeba daraja la magogo, kibanda cha mbuzi pamoja na paa lake, na shamba la mpunga la mtu, na kiliyapitisha yote juu ya njia, mahali ambapo mtu mrefu akisimama chini maji yangemfunika kichwa. Nikafungua plastiki nikatazama kitabu. Sikuwa na chombo, kwa hiyo sikuandika. Mpaka hapo, wanangu, nilikuwa bado mtu mwaminifu. Inapaswa mwandike hilo mahali, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho katika habari hii.

Tuliporudi mjini baada ya miezi kumi na minane, nilikuta ua umekuwa kuni na chupa imekuwa ya mtu. Faneli niliipata sokoni. Mama mmoja aliitumia kumiminia mawese kwenye vidumu. Nilimweleza kwamba ni mali ya hali ya hewa. Akaniambia hali ya hewa ilikimbia na haikumwachia anwani. Alinirudishia nilipomletea faneli nyingine, na kwa miezi miwili mvua ya Kasongo ilikuwa na rangi nyekundu na duara za mafuta.

Ndipo barua ya biro ya juu ikaja. Waliitaka miezi yote, ya Kasongo na ya Kabambare, kwa sababu wao pia walikuwa na wakubwa wao waliotaka mfululizo usiokatika. Mwisho wa barua waliongeza, kwa lugha laini sana, kwamba posti zenye vitabu pungufu zitahesabiwa zimekufa, na majina ya watumishi wake yatatolewa kwenye orodha. Mwenzangu wa Kabambare alikuwa amekwenda Kalemie na hakurudi. Nilibaki mimi, na majina mawili ya posti, na jina langu.

Nikanunua kalamu ya bluu.

Msidhani ni kazi rahisi. Kudanganya mvua kunataka ufundi. Nilichukua mwaka uliotangulia, nikasogeza kila siku mbele kwa siku tatu au nne, nikapunguza hapa, nikaongeza pale, nikaweka siku kavu baada ya siku kubwa, maana mbingu nayo hupumzika. Kabambare niliinyeshea kidogo zaidi kuliko Kasongo, kwa kuwa ni kwetu. Na nilipofika kwenye ule mwezi wa mafuriko, ambao nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, kalamu ilisimama. Ningeweza kuandika namba kubwa. Lakini nilijua jambo moja la biro zote. Mvua kubwa inaulizwa maswali, mvua ya wastani haiulizwi. Wangetaka kujua niliipima kwa chombo gani, saa ngapi, na nilikuwa wapi. Nikaandika manyunyu. Siku ile kubwa kuliko zote katika maisha yangu, kitabuni ni siku ambayo mtu angeweza kuanika nguo mchana.

Mzee Sumaili alikuwa hai bado. Jumatatu alikuja kama kawaida, akafungua kitabu, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akivuta midomo yake kama mtu anayeonja chumvi. Alijua nilikuwa porini. Mji mzima ulijua.

"Umenyesha mvua nzuri," akasema. "Mpunga ungeota."

Akafunga kitabu, akakirudisha mahali pake, sawasawa na ukingo wa meza. Aliishi miaka mingine minne na alikuja kunisalimu mara nyingi, tukazungumza juu ya wajukuu na bei ya samaki wa Nyangwe. Kitabu hakukigusa tena.

Hapo katikati palikuwa na mambo mengine ya kuchekesha, na kwa kuwa mnapenda vitu vya kisasa nitawapa moja. Mradi fulani ulituletea stesheni inayojiandikia yenyewe, na sahani ya jua na betri, na kijana wa mradi akaniambia sasa nipumzike. Wiki ya tatu betri ilihamia kwa kinyozi, ambako ilichaji simu za nusu ya mji. Stesheni haikuona aibu. Iliendelea kuwa na kisanduku chake safi, na tangu siku ile ikahesabiwa kuwa Kasongo haikupata tone, katikati ya mwezi wa kumi na moja, huku mimi nikimwaga maji ya chupa mara mbili kwa siku. Ripoti ya mradi ilitaja ukame. Mnaona kwamba sikuwa mwongo pekee. Nilikuwa tu yule aliyetia sahihi.

Sasa tufike kwa injinia. Alikuja miaka mingi baadaye, ilipobaki miezi miwili nistaafu. Karatasi yangu ya kustaafu ilikuwa mezani biro ya juu ikisubiri mkono wa mkubwa, na kila mtu anajua mkono wa mkubwa ni mzito kiasi gani, na unakuwa mzito zaidi mtu akijiletea matatizo mwenyewe. Injinia alikuwa mtu mpole, na buti zilizopigwa rangi. Alitaka kujenga daraja la saruji juu ya Kabilu. Akaomba vitabu vya Kabambare, atafute mvua kubwa ya siku moja, kutoka hapo ahesabu maji yatafika wapi. Alivisifu kama mlivyovisifu nyinyi. Nilimwambia ni nidhamu. Neno hilo nimelitumia sana.

Siku tano baadaye, Mama Asha akashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu, mzima, mnene zaidi, mizani hana, sufuria anayo. Aliingia akaiweka mezani juu ya magazeti yangu, nyeusi vilevile. Mke wangu alimkaribisha chai, akasema atakunywa baadaye, kwanza anamtaka Papa Meteo. Hilo ndilo jina langu njiani, yaani mzee wa hali ya hewa.

Alinieleza kwamba injinia amepiga kijiti kwenye ukingo wa Kabilu na kukipaka rangi nyekundu pale daraja litakapokaa. Watu wa kijiji walimwambia ni chini sana, maji yaliwahi kupita juu ya hapo, juu sana. Yeye akawasikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia Mama Asha: mama, mimi niko na données, namba za kitabuni. Mama akamwuliza alizitoa wapi. Akasema kwa Papa Meteo wa Kasongo. Mama Asha alicheka mpaka akakaa chini, injinia akadhani amekubali.

Kwangu hakucheka.

"Papa Meteo, ile siku ulikuwa pale. Hii sufuria ilijaa mbele ya macho yako. Mu kitabu uliandika nini?"

Nilianza kumweleza mambo ya kazi. Kwamba sufuria si chombo kinachokubaliwa. Kwamba majani ya miti yangeweza kudondosha maji ndani yake. Alinikumbusha kwamba ilikuwa uwanjani, kwenye mihogo, na kwamba mti wa karibu ulikuwa mbali. Nikasema niliandika vile walivyotaka.

"Nani alitaka? Maji?"

Kisha, na hapa mcheke kama mnataka, nilinyoosha mkono nikachukua rula nikapima kina cha sufuria. Mazoea ni ugonjwa. Kilikuwa pungufu kidogo ya shubiri. Shubiri ya maji, wanangu, kwa nusu ya mvua. Mwanafunzi yeyote wa Mzee Sumaili anajua maana yake: ni mvua ya mwezi mzima kwa mchana mmoja.

Nilimwambia Mama Asha kuhusu karatasi yangu ya kustaafu. Nilisema zimebaki wiki chache tu, baada ya hapo nitasema kila kitu, hata msikitini, hata kanisani. Alisikiliza. Akauliza saruji inakauka kwa wiki ngapi.

Tulipanda pikipiki watatu, motari mbele, mimi katikati, Mama Asha nyuma, na sufuria juu ya mapaja yangu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kutoka Kasongo mpaka Kabilu motari aliuliza mara mbili kama tunakwenda kwenye msiba. Nilimjibu kwamba bado hatujajua.

Injinia alitupokea kando ya kijito, mahali pa kazi, akiwa na wafanyakazi wakichimba. Nikamwambia yote palepale, bila kukaa: miezi kumi na minane, Jumapili mbili, kalamu ya bluu, manyunyu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniuliza tu kama ninaweza kumpa namba ya kweli. Nikaonyesha sufuria.

"Ilikuwa tupu mvua ilipoanza?" akauliza.

Mama Asha alimtazama vile mtu anavyomtazama mtoto wa watu.

"Tulikuwa porini, papa. Sufuria yenye kitu ndani, tungeiacha nje?"

Injinia akapima yeye mwenyewe, akaandika. Kisha akaniambia kusema hakutoshi. Mahesabu yake yalikwisha kukubaliwa kwa sababu ya kitabu chenye sahihi, na kitabu chenye sahihi kinaondolewa na sahihi nyingine tu. Niandike kwamba kurasa zile si kweli, nitaje miezi, niweke jina. Nakala itakwenda mpaka biro ya juu, hawezi kuificha. Alijua ninastaafu, nilikuwa nimemwambia mwenyewe siku ile nilipokuwa ninajisifu.

Niliomba muda kidogo. Nikashuka mpaka kwenye kijiti. Ile rangi nyekundu ilinifikia tumboni. Hapo ndipo mvua yangu ilipolipandisha daraja: tumboni kwa mtu mfupi. Na nilikuwa nimesimama mahali palepale ambapo kibanda cha mbuzi kilipita juu, na paa lake, nami nikitazama kutoka mlimani. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanavuka kwenye magogo na vikapu vya mpunga kichwani, wakibishana juu ya shemeji yao, na hawakunitazama.

Meza haikuwapo. Nilipindua sufuria nikaandika juu ya matako yake, na masizi yakaingia kwenye karatasi. Ndiyo hati chafu kuliko zote nilizowahi kutuma.

Mnataka kujua kilichonipata. Injinia alilipandisha daraja kimo cha mtu. Leo mkipita pale mtaona linavyochekesha wakati wa kiangazi, kijito cha maji chini na saruji kubwa juu, na miteremko mikali pande zote mbili. Motari wenye magunia wanashuka na kusukuma, na wakisukuma wanalitukana jina langu, kwa sababu wafanyakazi waliwaambia ni nani aliyesababisha. Maji hayajafika juu mpaka leo. Nilimwambia Mama Asha mwaka jana kwamba ningependa nione mvua moja tu kama ile, watu wajue.

"Unataka mvua ikupe haki," akasema, "ao unataka sisi tuvuke?"



Na biro ya juu ilijibu haraka kuliko wakati mwingine wowote. Barua yangu imepokelewa. Mfululizo wa Kasongo na Kabambare ulikwisha kuthibitishwa na kupelekwa mbele, kwa hiyo ninaombwa nisiusahihishe. Ndani ya bahasha hiyohiyo ilikuwa karatasi yangu ya kustaafu, imetiwa sahihi na mhuri, ikinipongeza kwa kutunza vitabu bila pengo hata wakati wa matatizo ya nchi. Mke wangu alitaka tuiweke kwenye fremu. Iko chini ya godoro.

Kwa hiyo nakala mlizo nazo kwenye kompyuta ndizo zilezile za uongo. Masizi hayakufika huko. Nami mlipokuja na mashati yenu nilikuwa na nafasi ya kusema, nikamimina chai.

Kurasa hizo mtazijua bila msaada wangu. Kurasa za kweli ni chafu: wino umeenea kwa maji, namba zimefutwa, kuna alama za vidole, mahali pengine mafuta ya mawese. Za kwangu ni safi kabisa, kalamu moja tangu mwanzo mpaka mwisho, mistari imenyooka. Zitoeni zote, za Kasongo na za Kabambare, na katika maelezo ya chini mtaje kwamba ndani ya miezi hiyo kulikuwa na siku moja ya mvua kubwa isiyo na kipimo halali. Grafiki yenu itakuwa mbaya. Kwenye ateliye atasimama mtu mwenye tai aulize hilo shimo ni la nini, na mtashawishika kujibu kwamba ni vita, kila mtu atikise kichwa kwa huruma na muendelee.

Msijibu hivyo. Vita havikuandika chochote katika kitabu kile. Mwambieni mpimaji alidanganya. Akiuliza ni nani, mwonyesheni chini ya ukurasa wowote kati ya hizo. Nilitia sahihi kila mwezi, na mwandiko wangu unasomeka vizuri.